Baraza la parokia au kamati ya fedha: ukiitwa kuhudumu, uketi wapi?

Mkristo akishajulikana kanisani kwa uaminifu wake, hasa akiwa mwalimu, muuguzi, karani wa hoteli au mama mwenye duka sokoni, siku moja paroko humwita pembeni baada ya Misa akamwambia kwamba jina lake limependekezwa. Katika Jimbo Katoliki la Malindi, pwani ya Kenya, kuanzia mjini penyewe hadi vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia) vya Tana River na Lamu, nafasi zinazotajwa mara nyingi ni mbili: baraza la parokia au kamati ya fedha. Wengi huchagua kwa kuangalia heshima. Baraza linaonekana kubwa kwa sababu mwenyekiti wake ndiye anayesimama kusoma risala askofu anapokuja kutoa Kipaimara. Kamati ya fedha inakimbiwa kwa sababu hakuna anayetaka kuitwa mwizi. Nimewaona watu wazuri wakinyauka katika kiti kisicho chao, na parokia ikawapoteza kabisa, hata kwenye kwaya hawarudi. Ndiyo maana nakuomba uvilinganishe vyombo hivi kwa kazi zake kabla hujajibu.

Tuanze na sheria, kwa kuwa inashangaza wengi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inavitaja vyombo hivi katika kanuni mbili zinazofuatana, ila kwa nguvu tofauti. Kanuni ya 536 inasema baraza la kichungaji la parokia litaundwa ikiwa askofu wa jimbo, baada ya kulisikiliza baraza la mapadri, ataona linafaa. Kanuni ya 537 haina "ikiwa": kila parokia sharti iwe na kamati ya fedha. Kile chombo ambacho watu wanakikimbia ndicho ambacho sheria inakilazimisha. Huenda mambo yakabadilika. Hati ya mwisho ya Sinodi ya Maaskofu iliyofungwa Roma mwezi Oktoba 2024, ambayo Papa Fransisko aliipitisha ichapishwe, iliunga mkono mabaraza ya namna hii yawe ya lazima kila mahali. Kwa sasa, baraza lako lina uhai kwa agizo la askofu, na taratibu zake zote, idadi ya wajumbe, muda wa kuhudumu, namna ya kuchaguliwa, zinatoka kwake. Omba uonyeshwe mwongozo wa jimbo. Usikubali kuambiwa tu "hivi ndivyo tunavyofanya."

Katika viti vyote viwili wewe ni mshauri. Paroko ndiye anayeongoza baraza, na kura ya baraza ni ya ushauri. Kamati ya fedha nayo humsaidia paroko kusimamia mali, lakini mbele ya sheria anayeiwakilisha parokia ni yeye peke yake, ndivyo kanuni ya 532 inavyosema. Wapo wanaosikia hivyo wakakata tamaa: kama padri anaweza kukataa, nakaa pale kufanya nini? Jibu langu ni kwamba nguvu ya ushauri haifanani katika vyombo hivi viwili. Kwenye baraza, neno lako lina uzito kulingana na watu walio nyuma yako. Ukisema "kigango chetu kinaomba Misa ya jioni," na kila mtu anajua umezunguka jumuiya zote ukawasikiliza, paroko atakusikiliza. Kwenye kamati ya fedha neno lako lina uzito kulingana na karatasi zilizo mbele yako. Huko, hata ukipendwa na kijiji kizima, bila taarifa ya benki na vocha za malipo unapiga porojo. Jiulize basi: mimi nina watu, au nina karatasi? Swali hilo litakusaidia kuliko yote utakayoambiwa.

Kikao cha baraza

Wajumbe wa baraza hutoka chini kwenda juu. Jumuiya ndogo ndogo huchagua viongozi wao, viongozi hao huunda baraza la kigango, na kutoka vigango wanapatikana wajumbe wa parokia, pamoja na wawakilishi wa vyama: kina mama Wakatoliki, kina baba, vijana, kwaya, makatekista, na watawa wakiwapo. Mpango huu una historia yake Afrika Mashariki. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliweka ujenzi wa jumuiya ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao, na tangu hapo parokia zetu zimejengwa juu ya jumuiya. Mjumbe wa baraza asiyehudhuria jumuiya yake ya katikati ya wiki hana anachokiwakilisha.

Kikao chenyewe ni cha subira. Mjumbe wa kigango cha ndani huko Marafa au Lango Baya ameamka alfajiri, amepanda boda boda hadi barabarani, akasubiri matatu, na akifika anakuta wa mjini wanatazama saa. Ajenda ni ndefu: mafundisho ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kabla ya Pasaka, wagonjwa wa kupelekewa Komunyo, semina ya vijana, ratiba ya Misa za vigango ambazo padri hafiki kila Jumapili, ugomvi wa kwaya mbili. Katikati ya hayo hutokea jambo linalofanya safari yote iwe na maana. Niliwahi kusikia baraza likijadili kwa nini watu wa kigango fulani wanaishi miaka na miaka pamoja, mahari imeshatolewa kwa wazee, watoto wamezaliwa, lakini kanisani hawafungi ndoa. Yalitolewa maelezo mengi kuhusu imani haba, mpaka katekista mzee akaomba nafasi.

"Padri, hawa hawakatai sakramenti. Wanaogopa sherehe. Mtu akitangaza ndoa, ukoo mzima unataka kula."

Mama mmoja akamjibu hapo hapo: "Basi tuwafungishe wote siku moja, na sufuria ni la jumuiya. Mchele tutachanga sisi."

Paroko aliandika hilo kwenye daftari lake, na mjadala wa imani haba ukaisha. Hakuna mhasibu ambaye angegundua jambo lile. Liligunduliwa na mtu anayejua nyumba za watu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Malindi hawezi kulizungumzia baraza bila kulitaja. Mwezi Aprili 2023 miili ya watu wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kwenye kaunti yetu hii hii ya Kilifi, ikapita 400, swali lililotuuma lilikuwa: jirani akiacha kuonekana, mtoto akitolewa shule, familia ikiuza mbuzi wake wote na kuondoka, nani anapaswa kugundua mapema? Jumuiya ndiyo inayogundua, na baraza ndipo habari hiyo inapofika mezani. Mjumbe anayekuja na taarifa ya "mambo ni mazuri, tunaendelea na maombi" kila kikao hajatimiza kazi. Afadhali aje na majina matatu ya nyumba ambazo hazijafika jumuiyani tangu Kwaresima.

Ugumu wa baraza uko kwenye mwendo wake. Mambo yanasemwa leo, yanarudiwa baada ya miezi mitatu, na anayependa kazi inayomalizika ataumia moyo. Tena yeyote mwenye donge na paroko aliyetangulia atalitoa hapo. Kama huwezi kumsikiliza mzee akirudia jambo moja mara tatu bila kukunja uso, baraza si lako, na hilo si dhambi.

Chumba cha kamati ya fedha

Hapa watu ni wachache, na wanapaswa kuchaguliwa kwa ujuzi na uadilifu. Sheria inapozungumzia kamati ya fedha ya jimbo, kanuni ya 492, inataka wajumbe wanaojua kweli mambo ya uchumi na sheria za nchi, na inawaondoa jamaa za askofu hadi daraja la nne la undugu. Parokia ikilifuata wazo hilo kwa paroko na kwa mweka hazina, itaepuka maneno mengi. Kaka wa mweka hazina asiwe fundi wa ukuta wa kanisa. Na ikitokea ni wewe unayeuza saruji, sema mapema, kisha toka nje bei inapojadiliwa.

Kazi huanza Jumapili baada ya Misa ya mwisho. Sadaka inamwagwa mezani, inahesabiwa na watu wasiopungua watatu wasio wa nyumba moja, sarafu zinapangwa kwa safu, noti zilizokunjwa zinanyooshwa, jumla inaandikwa kwenye daftari na wote wanatia sahihi kabla ya mtu yeyote kuinuka. Jumatatu inapelekwa benki. Zile zilizoingia kwa M-Pesa zinalinganishwa na taarifa ya simu, na ole wenu kama nambari inayotumika ni ya mtu binafsi na si ya Paybill ya parokia. Hilo likiwepo, liwe jambo la kwanza kurekebishwa, hata kama mwenye nambari ni mtakatifu.

Halafu inakuja bajeti, na bajeti ya Malindi ni ya misimu. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na wageni wamejaa Malindi na Watamu, mfanyakazi wa hoteli analeta zaka yake vizuri. Mvua za masika zikianza, hoteli kadhaa hufunga au hupunguza watu kwa miezi, bahari ya kusi inawazuia wavuvi wa vyombo vidogo, na huko Gongoni na Marereni chumvi haikauki. Sadaka inashuka wakati ule ule ada za muhula wa pili zinapodaiwa. Mwanakamati aliyetoka bara akapanga matumizi sawa kwa kila mwezi ataishiwa fedha mwezi Juni. Kwa hiyo nadhani kila kamati ya pwani inahitaji angalau mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini au kununua samaki kwa jumla. Yeye anaijua njaa ya Mei kabla haijafika.

Kanuni ya 1284 inaorodhesha wajibu wa msimamizi wa mali ya Kanisa: kulinda mali isipotee, kuhakikisha umiliki wake unatambulika kwa sheria za nchi, kulipa madeni kwa wakati, kutunza vitabu vya mapato na matumizi, kutoa hesabu kila mwisho wa mwaka, kuhifadhi hati mahali salama. Neno la umiliki ndilo linalotusumbua zaidi pwani. Jimbo lenyewe ni changa, liliundwa mwaka 2000, na ukifungua kabati la kigango unaweza kukuta kiwanja kilitolewa na mzee kwa mdomo, mashahidi wakiwa wawili na wote wamefariki. Wajukuu wa mzee yule wakija kudai shamba lao, utawaonyesha nini? Mwanakamati anayejua njia ya ofisi ya ardhi, anayeweza kufuatilia hati mwaka mzima bila kuchoka, ana faida kwa parokia kuliko harambee mbili.

Kanuni ya 1286 nayo inataka wafanyakazi wa Kanisa walipwe ujira wa haki na sheria za kazi zifuatwe. Mlinzi wa usiku, mpishi wa nyumba ya mapadri, mwalimu wa chekechea ya parokia: michango yao ya NSSF (pensheni) na SHA (bima ya afya) inalipwa? Katekista anayevuka mto Sabaki kwa baiskeli kufundisha, anapewa nini? Mambo haya hayasikiki katika matangazo ya Jumapili, lakini ndipo ninapopima kama kamati ina imani au ina hesabu tu.

Ujasiri unaohitajika hapa ni wa kusema hapana kwa sauti ya chini. Nakumbuka kikao ambacho gari la parokia lilikuwa gereji, injini imefunguliwa, na kwenye akaunti palikuwa na fedha za mabati ya kigango. Paroko, ambaye alikuwa na haja ya kweli ya kuwafikia wagonjwa, aliomba zikopwe. Mama mstaafu aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu akafungua daftari. "Baba, fedha hizi watu walizitoa zikiwa na jina. Kanuni ya 1267 hairuhusu kuzigeuza. Tukiomba za gari Jumapili hii, watatoa." Hakupandisha sauti, na paroko hakubishana. Waliomba, watu wakatoa. Mwanakamati asiyeweza kusema "Baba, hapana" kwa heshima ni hatari kwa paroko mwenyewe, kwa sababu jina litakalochafuka baadaye ni la padri.

Na wanasiasa? Wataingia wakati wa kampeni wakiwa na bahasha. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe, kwa kuwa Kanisa halitaki kutumiwa kutafutia umaarufu wa kisiasa. Kamati ya fedha inapaswa kuwa imeamua msimamo wake kabla bahasha haijafika, wala isingoje kuamua mheshimiwa akiwa ameshika kipaza sauti na kwaya inapiga vigelegele. Baraza nalo lina sehemu hapa. Kamati inakataa fedha, baraza linawaeleza watu kwa nini zimekataliwa. Kila upande ukikwepa, paroko anabaki peke yake na lawama.

Siri, muda na nauli

Baraza linaweza kuzungumzwa nje; kwa kweli linapaswa, maana mjumbe asiyerudisha habari kigangoni ametumwa bure. Kamati ya fedha ina mambo ya kubaki ndani: mshahara wa mtu, deni la mtu, nani alitoa kiasi gani. Kanuni ya 127 inawataka washauri watoe maoni yao kwa unyofu na, jambo likiwa zito, watunze siri. Kama wewe ni wa kuzungumza kila kitu kibarazani kwa jirani jioni, jiheshimu, kataa kamati.

Kwa muda, baraza linakula siku chache lakini nzima nzima, pamoja na nauli. Kamati inakula vipande: saa moja ya Jumapili, foleni ya benki, simu ya usiku kutoka kwa mweka hazina. Mwenye zamu za hospitali au hoteli huweza kamati kwa urahisi zaidi. Mkulima wa Kakuyuni, ambaye baada ya mavuno ana nafasi ya kutembelea nyumba za watu, ataliweza baraza.

Majirani zetu Waanglikana

Wengi wetu tumeoana na Waanglikana, na shemeji akisikia kwamba baraza letu linashauri tu hutushangaa. Utaratibu wao una mizizi Uingereza, ambako baraza la kanisa la parokia lilipewa mamlaka kwa sheria ya 1921, kisha ile ya 1956, na kule ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Baraza moja linashughulikia utume wa Kanisa pamoja na fedha, na hesabu zinapelekwa mbele ya mkutano wa mwaka wa waumini. Kwetu kazi hiyo imegawanywa mara mbili. Mimi naona mgawanyo wetu una faida, kwa sababu maskini wa kigangoni hajanyamazishwa na mhasibu, na mhasibu hajazamishwa na ajenda ya kwaya. Lakini mkutano wa mwaka wa hesabu ni jambo la kujifunza kwao bila aibu, tena hata kanuni yetu ya 1287 inataka waumini wapewe hesabu ya walivyotoa.

Sasa chagua

Mwalimu wa shule ya msingi anayewajua wazazi wa watoto wote, aende barazani. Muuguzi wa zahanati vilevile, kwa kuwa anajua nyumba zenye wagonjwa. Karani wa benki au wa sacco, mwenye duka anayeandika madeni yake vizuri, fundi mkuu anayejua bei halisi ya kokoto na mbao, waende kamati ya fedha. Kijana aliyemaliza chuo cha uhasibu na hajapata kazi, namtaka sana kwenye kamati, ila asipewe kushika fedha taslimu. Tusimwekee mtoto wa watu kishawishi mlangoni. Tajiri mfadhili wa parokia asiwe kwenye kamati hata kidogo. Atoe, abarikiwe, lakini akiketi pale wengine hawatafungua midomo.

Aliyehamia Malindi mwaka huu, hata akiwa na shahada mbili, akae kwanza jumuiyani. Ajifunze nani amefiwa na nani, familia zipi hazisalimiani, kisima kipi kimekauka. Parokia haitakimbia.

Ukiombwa viti vyote viwili kwa pamoja, chukua kimoja. Anayepanga matumizi barazani kisha akayaidhinisha kwenye kamati hana wa kumzuia, na siku hesabu zikigoma hana wa kumtetea.

Kabla ya kusema ndiyo, muulize paroko mambo matatu: mwongozo wa jimbo uko wapi niusome, kikao cha mwisho kilikuwa lini na kumbukumbu zake ziko kwa nani, na hesabu za mwaka jana zilisomwa kanisani siku gani. Ukijibiwa kwamba hazikusomwa, usikatae kwa sababu hiyo. Kubali, na uombe ziwe ajenda ya kwanza ya kikao chako cha kwanza.